Ngosi ilitufungia ukungu mara tu nilipoita jina. Kosa ni kelele, au ni ule wali wa saa sita?

#1 SindanoNaUzi
Habari za jioni wanajukwaa.

Jumamosi nilimsindikiza shoga yangu. Ni nesi, tumepanga nyumba moja hapa Mbeya miaka sita, mlango kwa mlango, sasa kapata uhamisho kwenda Newala. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisema "tutaenda Ngosi", na kila likizo ikaja na udhuru wake. Akasema safari hii siondoki bila kuliona hilo ziwa la mlimani.

Mpango ulikuwa tupande asubuhi, tushuke, ndipo tule cha kuagana. Ukapinduka. Asubuhi alikwenda kukabidhi vitu kazini, akarudi saa tano. Tunafika Uyole tumbo linanguruma, tukaingia kwa mama ntilie: wali wa Kyela, samaki mbasa wa kuchemsha, maharage, parachichi nusu kwa nusu. Chakula cha kuagana hakina haraka. Kila tonge lilikuwa na "unakumbuka siku ile", mara tunacheka, mara mmoja anajifanya pilipili imemwingia jichoni. Tunapanda Coaster ya Tukuyu ni saa saba na nusu. Tukashuka Isongole, tukachukua bodaboda mpaka msitu unapoanzia, kijana mwenyeji akatuongoza. Tope, mizizi, makangaga marefu kuliko mtu. Kipande cha mwisho nilipanda kwa mikono na magoti. Ukingoni tulifika saa kumi kasoro robo.

Ziwa lilikuwa wazi, la kijani kama chupa, kuta za msitu zimeshuka wima mpaka majini. Tulisimama dakika mbili, hazikufika tatu. Nikaweka viganja mdomoni nikaita jina lake nisikie mwangwi. Mwangwi ulirudi, na nyuma ya mwangwi ukungu. Siongezi chumvi. Ulitokea ng'ambo ukamwagika ndani kama maziwa yanayofurika sufuriani, ziwa likapotea. Tulikaa dakika arobaini, wapi. Yule kijana akasema taratibu, "Dada, hapa huwa hatuiti jina la mtu." Kabla hakusema!

Shoga yangu hakuongea njia nzima ya kushuka. Jumatatu alfajiri kaondoka.

Sasa naomba mnisaidie, ule ukungu ulikuwa nini? Na jingine linaniuma: chakula alilipa yeye chote, 14,000, akaushika mkono wangu ndani ya pochi nisitoe. Anayeondoka ndiye wa kulipa au anayebaki?

#2 KijiweChaKabwe
Wa kwanza kufika. Fundi cherehani kaleta uzi, tushone.

#3 Mwl_Ramani
Mkuu, hapo hakuna muujiza. Hewa inayotoka Ziwa Nyasa ni nyevu, na Kyela iko chini, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Hewa hiyo ikisukumwa kuja huku inagongana na milima ya Rungwe na Uporoto, inalazimika kupanda. Ikipanda inapoa, karibu digrii moja kila mita 100 kabla haijaanza kufanya matone. Hapo ulipokuwa umesimama ni juu ya mita 2,000. Kilichokufunika ni wingu, ila wewe ndiye uliyelifuata nyumbani kwake. Mchana jua linachemsha miteremko, hewa inavutwa juu kwa kasi zaidi, ndiyo maana watu wanaambiwa wapande asubuhi. Mngefika saa tatu mngeona ziwa mpaka mchoke. Kosa ni mbasa.

#4 MjukuuWaUsafwa
Mwalimu kaeleza vizuri ya hewa, ila hajaeleza kwa nini wazee waliweka mwiko kabla ya vitabu vyake. Ngosi ni mahali pa tambiko. Babu yangu alikuwa akikatiza kule anavua kofia. Kelele haikutakiwa, na ukikuta ukungu unasubiri kimya, ukikaa sana bila kufunguka unarudi nyumbani, maana umeshajibiwa. Dada hukufanya kwa ubaya, lakini uliita jina la mtu anayesafiri juu ya maji yale. Mwambie shoga yako akifika salama atulie.

#5 Isongole_Damu
Namba 4, nakuheshimu, lakini mimi nimezaliwa Isongole, nimechunga ng'ombe pembeni ya msitu ule mpaka darasa la saba. Mwiko wa kelele naujua. Mwiko wa jina ndiyo kwanza nausikia leo. Hao vijana wanaoongoza wageni wanaongeza vyao. Mwingine anakuambia usikohoe.

#6 SindanoNaUzi
@Mwl_Ramani mimi ni dada, si mkuu. Halafu mbona ulikuja ghafla vile? Kama ni hewa ya Kyela imekuwa ikipanda tangu asubuhi, ilisubiri mimi nifungue mdomo?

#7 Mwl_Ramani
Samahani dada. Ghafla kwa sababu ukingo ni kama ukuta wa bwawa. Wingu linajaa upande wa nje, wewe hulioni kwa kuwa macho yako yako ziwani. Likifikia usawa wa ukingo linamwagika lote kwa mara moja. Umesema mwenyewe, kama maziwa. Maziwa nayo yanachemka muda mrefu, wewe unaona yanapofurika tu.

#8 KijiweChaKabwe
Na siku zote yanafurika ukigeuza shingo. Hiyo ya maziwa nimeielewa kuliko jiografia yote ya sekondari.

#9 MzeeWaCoaster
Nimeendesha Mbeya–Kyela miaka kumi na minne, hiyo barabara naijua kwa harufu. Mwalimu hapo kwenye asubuhi sikubaliani. Mwezi wa sita na wa saba, kipupwe, ukungu unalala Isongole tangu usiku, unawasha taa za gari saa tatu asubuhi, abiria wamejifunika mablanketi. Saa nane unakuta kweupe. Kwa hiyo kama ni mwezi huu, mchana ndio wenye nafuu. Wali hauna kosa.

#10 Mwl_Ramani
Huo wa usiku ni aina nyingine, baridi inazama mabondeni. Unachanganya.

#11 MzeeWaCoaster
Mimi nachanganya? Nimewasha taa mimi, wewe umechora ubaoni.

#12 Mama_Parachichi
Jamani msigombane. Mimi nataka kujibu la pili, maana hilo ndilo linalomsumbua dada. Kwangu anayebaki ndiye wa kulipa. Anayeondoka ana nauli, ana mizigo, ana nyumba ya kupanga kule aendako, kodi wanataka ya miezi sita kwa mpigo. Unamuachaje alipe? Nilipohama Tukuyu majirani walinilisha siku tatu mfululizo kwa zamu. Sikuwasha jiko, na lenyewe lilishafungwa kwenye gunia.

#13 Nahodha_wa_Tanga
Kwetu nilivyokulia ni kinyume. Anayesafiri ndiye anayeandaa, anawaita watu awaombe radhi wale pamoja, "kama kuna niliyemkosea". Chakula chake ndiyo radhi yake. Ukimzuia kulipa umeikataa radhi. Kwa hiyo shoga yako kakulipia kwa maana yake.

Na huo upepo mnaouzungumza, miezi hii sisi huku pwani tunauita kusi. Unatoka kusini mashariki, unakwenda huko huko kwenu. Mwalimu ana hoja.

#14 SindanoNaUzi
@Nahodha_wa_Tanga umenishtua. Kwenye wali alisema kweli, "kama kuna siku nilikuudhi na kelele za redio unisamehe." Nikacheka, nikamwambia redio yako ndiyo saa yangu ya kuamkia. Sikujua ilikuwa radhi.

#15 Tumbo_Joto
Mnapita pembeni tu. Ngosi ni volkano, jamani. Ile ni pumzi ya mlima. Kuna moto chini, maji yanapashwa, mvuke unatoka. Hao wa TGDC, kampuni ya serikali inayotafiti jotoardhi hapo Ngosi, unadhani wanatafuta uyoga?

#16 Mtafiti_Mstaafu
Tumbo_Joto, nusu ya maneno yako ni kweli. Ngosi ni volkano, na si ya kale sana: majivu yake ya mwisho makubwa yanakadiriwa kuwa na umri usiofika miaka elfu moja. Joto liko chini, na wataalamu wanaona hata chemchemi za moto za Songwe zinapata sehemu ya maji na joto lake kutoka huko. Lakini maji ya juu ya ziwa hayachemki, ukishuka ukatia mkono utatamani koti. Mvuke wa kulifunika ziwa la kilomita mbili na nusu kwa dakika mbili ungewachemsha hao dada pamoja na mbasa wao.

Na wapo wanaoliita "kreta", yaani kasoko: kwa lugha ya kitaalamu ni kaldera, yaani mlima ulimwaga tumbo lake halafu paa likadidimia. Kasoko ni tundu la kutokea, kaldera ni shimo la kuporomoka.

#17 KijiweChaKabwe
Kasoko. Kwa hiyo lile Ziwa Masoko kule Tukuyu ni wingi wa soko au wingi wa kasoko?

#18 Mtafiti_Mstaafu
Swali la kipuuzi lakini limeninyima usingizi. Masoko nalo ni ziwa la volkano, kwa hiyo ukisema ni wingi wa kasoko huna kosa kijiolojia, una kosa kisarufi.

#19 Pesa_Za_Mjerumani
Mmetaja ziwa! Nasikia humo Ngosi Wajerumani walitupa masanduku ya dhahabu wakati wa vita ya kwanza. Nani ana mtumbwi?

#20 Isongole_Damu
Umepotea ziwa. Hadithi ya hazina ni ya Masoko, wengine wanaliita Kisiba, siyo Ngosi. Pale Masoko ndipo Wajerumani walikuwa na boma lao la mawe. Hebu fikiria mwenyewe, mtu anakimbia Waingereza abebe sanduku la dhahabu alipandishe ule mteremko ambao dada kaupanda kwa magoti?

#21 Pesa_Za_Mjerumani
Kwa hiyo Masoko ipo?

#22 Mtafiti_Mstaafu
Watoto wa pale huwauzia wageni sarafu wanazosema zimetoka ziwani. Ni heller na rupia za Kijerumani, za shaba na fedha. Heller zilianza 1904, zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo kuipata moja si ishara ya sanduku. Ya dhahabu ni ile ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Ukiiona hiyo usinipigie simu, nitakuja mwenyewe.

#23 Dada_Mzalendo
Turudi kwenye uzi. Ngosi ni ziwa la pili kwa ukubwa Afrika katika maziwa ya volkano, na lina umbo la ramani ya Afrika. Tujivunie vyetu badala ya kuongelea mapepo.

#24 Rombo_Kwetu
Hiyo "ya pili Afrika" naiona kila mahali, na kila mahali si kweli. Chala hapa kwetu Rombo, mpakani na Kenya, ina kilomita za mraba kama 4.2. Ngosi, urefu kilomita mbili na nusu, upana moja na nusu na kidogo, piga hesabu mwenyewe. Halafu nenda Ethiopia ukaone Shala, imelala ndani ya kaldera na inazidi kilomita za mraba 300. Ngosi ni nzuri bila kudanganyiwa cheo.

#25 Dada_Mzalendo
Na ramani ya Afrika?

#26 Rombo_Kwetu
Hiyo nakuachia. Ukiinamisha kichwa na ukiisahau Somalia.

#27 Bi_Kinyonga
Swali kwa mleta mada. Njiani mlikutana na kinyonga?

#28 SindanoNaUzi
Umejuaje? Ndiyo! Alikuwa juu ya kijiti, wa kijani, pembe tatu usoni kama kifaru aliyezidiwa. Shoga yangu alipiga kelele, akajificha mgongoni kwangu. Nesi huyo, anashona watu vidonda.

#29 Bi_Kinyonga
Basi jibu ni hilo. Kinyonga njiani ni mkosi, safari inageuka.

#30 Msitu_Ni_Mali
Hapana, hapana. Kinyonga wa pembe tatu wa Uporoto ni mkazi wa pale, na hapatikani duniani ila kwenye hii milima yetu ya kusini. Kukutana naye pale ni kama kukutana na mwenye nyumba sebuleni kwake. Mkosi ni wake yeye, wageni wanampigia kelele. Tena mna bahati, mimi nimepanda mara nne sijamwona.

Nilimwona kipunji lakini.

#31 Mtafiti_Mstaafu
Ngosi? Kipunji? Yule nyani alitambuliwa na sayansi mwaka 2005, na anajulikana Mlima Rungwe, milima ya Livingstone upande wa Kitulo, na kundi jingine mbali kabisa kule Udzungwa. Kwa Ngosi naomba picha. Aliyekuwa mweusi na mabega meupe, mkia mrefu wenye kishungi, ni mbega.

#32 Msitu_Ni_Mali
...Alikuwa na mabega meupe.

#33 KijiweChaKabwe
Uzi huu unatafuna watu.

#34 Furaha_wa_Goma
Bandugu, salama. Niko Goma. Nimesoma hii ya ukungu nikawaza mambo ya kwetu. Huku tuna hewa mbaya inatoka chini ya udongo, tunaiita mazuku, inakaa mashimoni, mbuzi akiingia hatoki. Je, huo ukungu wa Ngosi si mazuku? Mutu asikae arobaini dakika mahali hajui.

#35 Tumbo_Joto
AHSANTE. Mnaona sasa? Na Cameroon ziwa Nyos mwaka 1986 lilitoa hewa usiku, watu zaidi ya 1,700 hawakuamka. Mimi nilisema ni pumzi.

#36 Mtafiti_Mstaafu
Furaha, karibu, na tahadhari yako ni ya mtu anayejua. Hata Rungwe hewa ya ukaa inatoka ardhini, kule Busokelo wanaikusanya, na huenda umeshainywa ndani ya soda. Lakini hewa ya ukaa haina rangi. Mazuku inaua kwa sababu huioni. Kilichomfunika dada kilikuwa cheupe, kimelowesha nguo. Hayo ni maji.

#37 SindanoNaUzi
Kililowesha kweli. Kitenge kilikuwa kama kimetoka kwenye beseni.

#38 Furaha_wa_Goma
Sawa, nimetulia. Na sisi tulikuwa tunapanda Nyiragongo kuaga marafiki. Mita 3,470, unalala juu, usiku unaangalia moto chini. Mara ya mwisho nilipanda na rafiki aliyekuwa anaenda kusoma Kampala. Tulikula chini, tukakula tena juu. Alilipa nani? Baba yake. Mlima ulilipuka mwezi wa tano 2021, rafiki akanipigia kuuliza ile nafasi tulipokaa ingali iko? Sikuwa na jibu.

#39 Mama_Parachichi
Pole sana Furaha. Mungu awalinde huko.

#40 Wa_Naivasha
Kutoka Kenya. Sisi kreta yetu ya kuagana ni Longonot. Mlima wa mita 2,776, unapanda kama kilomita tatu mpaka ukingoni, halafu ukizunguka ukingo wote ni saba na kidogo. Hakuna tope, kuna vumbi la kuingia mpaka kwenye meno. Shida yetu si ukungu, ni jua. Nilimuaga ndugu yangu anaenda Doha, tukala choma kwanza Naivasha, robo tatu ya kilo kila mtu na ugali. Ukingoni tulifika, kuzunguka hatukuzunguka. Tulilala chini ya kichaka kama nyati. Kwa hivyo dada, mlima kwanza, nyama baadaye. Hiyo haina mjadala.

#41 KijiweChaKabwe
Umesema haina mjadala kwenye uzi wenye komenti arobaini.

#42 Mwl_Ramani
Asante Wa_Naivasha. Tumbo likijaa, damu inakwenda kusaga chakula, miguu inabaki na makombo. Hata kama ukungu si kosa la mbasa, saa mbili mlizokaa Uyole ni kosa la mbasa.

#43 Mama_Parachichi
Mwalimu, zile saa mbili ndizo walizoagana. Ukingoni waliagana dakika mbili. Ungezipunguza zipi?

#44 MzeeWaCoaster
Hapo mama kamnyamazisha mwalimu. Kazi nzuri.

#45 MjukuuWaUsafwa
Narudi kwa namba 5. Nimempigia mama yangu mdogo, anaishi karibu na Igoma. Anasema yeye alikatazwa kuita jina msituni, si ziwani tu. Msitu wowote. Sababu yake: ukiita jina msituni anayeitika humjui. Kwa hiyo kijana hakutunga.

#46 Isongole_Damu
Hiyo ya msituni hata mimi niliambiwa, sasa umenikumbusha. Lakini ni kwa sababu watoto tulikuwa tunapotezana kwa kufuata mwangwi, unadhani mwenzako yuko bonde hili kumbe yuko lile. Mtoto mmoja wa jirani alilala porini. Siyo ya ukungu.

#47 MjukuuWaUsafwa
Na ni nani aliyeitika mpaka akaifuata sauti?

#48 Isongole_Damu
Mwangwi, ndugu yangu. MWANGWI.

#49 Bibi_Alisema
Bibi yangu alisimulia kwamba lile ziwa halikuwa pale tangu mwanzo. Lilikuwa bondeni, likawa linasumbua watu, wakachoma mawe mpaka yakawa mekundu wakayatupia majini, ziwa likapiga kelele likahamia juu mlimani. Ndiyo maana halipendi kelele, inalikumbusha. Ninyi endeleeni na digrii zenu.

#50 Mtafiti_Mstaafu
Mawe mekundu, maji yanapiga kelele, ziwa linatokea juu ya mlima. Huenda bibi yako alipokea habari ya watu waliokuwepo mlima ulipofumuka, au ya waliowajua. Sibishani naye.

#51 Tumbo_Joto
Kumbe ya bibi unaikubali, yangu unaikataa.

#52 Mtafiti_Mstaafu
Bibi hakusema ukungu ni mvuke.

#53 Safari_Nafuu
Naomba niulize ya vitendo: ada mnalipa wapi, na je, kwa mtu wa Dar aliyefikia Mbeya mjini inawezekana kwenda Ngosi na kurudi siku moja?

#54 Msitu_Ni_Mali
Msitu uko chini ya TFS, wakala wa misitu, utalipa kwao, dai risiti. Siku moja inatosha ukitoka Mbeya mapema. Vaa buti za mvua kama wenyeji, usijidanganye na raba nyeupe. Kushuka mpaka majini ni habari nyingine kabisa, ukuta ni mkali, usijaribu bila mwenyeji.

#55 SindanoNaUzi
Raba nyeupe... Mimi nilivaa raba za mtumba zisizo na meno. Nilianguka mara tano. Shoga yangu alikuwa ananihesabia kwa sauti, mpaka ya nne. Ya tano hakuhesabu, ilikuwa wakati wa kushuka.

#56 Nahodha_wa_Tanga
Dada, huo ukimya wake wa kushuka hukutuambia unaufasiri vipi.

#57 SindanoNaUzi
Siku ile nilidhani kakasirika kwa kuwa nimemharibia ziwa. Kasubiri miaka sita, kaona dakika mbili. Nikadhani labda ameamini maneno ya kijana, ni mtu wa kusali sana. Sasa nikisoma namba 13 nawaza labda ilikuwa ile radhi, mimi nikaicheka. Sijamuuliza. Kwenye simu tunaongea bei ya korosho tu.

#58 Mama_Parachichi
Au alikuwa amechoka, mwanangu. Kakabidhi kazi asubuhi, kala, kapanda mlima, kesho afunge mizigo. Mtu akichoka hanyamazi kwa sababu.

#59 MzeeWaCoaster
Alisafiri kwa njia gani? Asije akawa alizunguka Dar.

#60 SindanoNaUzi
Alipita Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi. Alilala Songea kwa binamu yake.

#61 MzeeWaCoaster
Ana akili. Mpaka Masasi ni lami siku hizi, na anaona nchi.

#62 SindanoNaUzi
Wanajukwaa, nina habari. Juzi Jumanne nilifunga kibanda nikarudi Ngosi peke yangu. Nilitaka nimpigie picha nimtumie. Nilifuata ushauri wote. Asubuhi kama alivyosema mwalimu: saa tatu kamili nilikuwa ukingoni. Tumbo tupu, chai ya rangi tu. Buti za mvua. Kimya, hata kukohoa sikukohoa. Kinyonga hakuwepo.

Ukungu mtupu. Sikuona hata jani la chini yangu. Nilikaa mpaka saa sita na nusu, nikashuka.

Nashuka nakutana na wanafunzi wanapanda, kama thelathini, wanaimba, wanaitana majina, wengine wanakula miwa. Jioni nilimpigia yule kijana anayeongoza watu, nikamuuliza waliona? Akasema, "Liling'aa, dada. Walishindwa kuondoka."

#63 KijiweChaKabwe
Nimecheka mpaka mteja kaondoka.

#64 MzeeWaCoaster
Kipupwe. Mchana ndio wenye nafuu. Nilisema namba 9.

#65 Mwl_Ramani
Siku moja si ushahidi. Inategemea nguvu ya upepo siku hiyo.

#66 Bibi_Alisema
Watoto ziwa linawasamehe.

#67 MjukuuWaUsafwa
Au lilikuwa bado linamkumbuka dada.

#68 SindanoNaUzi
Asanteni lakini!! Ila lingine. Nilimtumia shoga yangu 7,000 kwenye simu, nusu ya chakula, maana ya namba 12 na ya namba 13 yote yalikuwa yananisumbua, nikaona nikate katikati. Nikamwandikia, "Nusu yangu ya mbasa."

Haikupita dakika kumi akairudisha, kaongeza 5,000 juu. Kaandika: "Nunua raba zenye meno. Ile ya tano niliihesabu kimoyomoyo."

#69 Nahodha_wa_Tanga
Kumbe.

#70 Safari_Nafuu
Samahani, huyo mama ntilie wa Uyole yuko upande gani wa barabara?